Jina la Kuazima

Bwana Joris alishuka feri na baiskeli ya kukunja,
ametapika mara tatu tangu Kupang,
akauliza bei ya ardhi kabla ya kuuliza maji.
Sikumcheka. Mkondo ule wa Rote
humtapisha hata mchungaji wetu.

Sheria ya nchi haimpi mgeni hati.
Itampa miaka ya kupanga, itampa tabasamu,
udongo haimpi.
Basi likatafutwa jina,
likapatikana la mume wangu, Nehemia Lenggu,
mgema wa mivumo ishirini na tisa,
ambaye hadi siku ile aliandikwa mahali pawili tu:
daftari la ubatizo
na daftari la madeni dukani kwa Yublina.

Mgema akisifiwa, mnajua anachokitia.
Nehemia alisifiwa mbele ya wakili kule Ba'a,
chumbani mwenye kiyoyozi,
akatia sahihi.
Mara nne.
Mkono unaopanda mvumo gizani na ndoo ya ukindu
ulitetemeka kwa kalamu ya plastiki.

Malipo ya jina: nguruwe wawili na pikipiki iliyotumika.
Nguruwe walikuwa wanono.
Pikipiki tuiache.

Akajenga vibanda vinne, akaishi katika kimoja.
Alijifunza kwamba kisima huingia chumvi mwezi wa kumi,
kwamba jogoo wa Adolfina hajui saa,
kwamba kiangazi kikikaza
tunakunywa asali ya mvumo kwa maji, ndiyo chakula cha mchana,
na hakuna anayekiita njaa.
Alijifunza kusema *beta* kama sisi, "mimi",
akalitumia hata pasipohitajika.

Jioni alinionyesha mstari kwenye simu,
unapanda kama ngazi ya mgema.
"Mama Dortia, mwaka wa tatu mtaji unarudi."
Nilikuwa nafunga mwani kwenye kamba, kichipukizi kwa kichipukizi,
nikamwambia mwani nao una mwaka wake wa tatu:
mwaka wa ugonjwa mweupe,
unapovuta kamba asubuhi
na kamba ndiyo mavuno yote.
Akaandika. Alikuwa mtu wa kuandika.

Wageni walikuja misimu miwili,
vijana wa mawimbi, mabega yamechunika,
wakiuliza mtandao uko wapi.
Mvua ikachukua daraja la Oelua,
au sijui, labda ni mstari wenyewe uliochoka.
Bwana Joris akaenda kwao kutazamwa meno.
Mwezi mmoja, alisema.

Huu ni mwaka wa nne wa meno hayo.

Alikuja mtu wa Jakarta, viatu vyeupe,
akapima ufuko kwa hatua,
akataja fedha ambayo Melkior, mwanetu, aliirudia usingizini.
"Baba, hati ina jina lako. Lako!
Mahakama haisomi moyo."
Nehemia hakukubali.
Hakukataa pia, na hilo nalisema
kwa sababu watu kanisani wanamfanya mtakatifu
na mimi ndiye ninayelala naye.
Usiku ule alihesabu kwa vidole, akarudia,
akatoka nje, akakaa na nguruwe.

Lakini kila Jumamosi anakwenda kufagia.
Anang'oa magugu, anafukuza mbuzi wa Mesakh,
anawasha moto chini ya paa ili moshi uue wadudu.
Nilimuuliza, "Unafagia nyumba ya nani?"
Akasema, "Ya jina langu,"
akaendelea kufagia.

Mimi baraza lake naanikia mwani.
Ni pana, halina mchanga, jua linalishika mapema.
Kodi sikulipa na sikuombwa.

Jumanne simu ililia.
*Beta hapa. Paa li hali gani?*

Nehemia alivaa shati la kanisani kwenda kulipiga picha.
Tulimtumia picha tatu, paa lote, hadi pembe.
Mwani tuliuondoa kwanza.